Namna ya Kukusanya Zilipendwa na Kuwatambua Waliozipiga

Mpenzi wa zilipendwa huanza na wimbo, na mara nyingi hubaki hapo hapo. Anajua unavyoanza, anajua mahali gitaa linapobadilika, anaweza kuuimba hadi mwisho, lakini ukimuuliza ni nani aliyelipiga gitaa hilo atakutajia jina la bendi tu, na wakati mwingine bendi yenyewe siyo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka kubaki hapo. Unaeleza namna ya kukusanya muziki wa zamani wa Afrika Mashariki, hasa muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya na kwa kiasi fulani taarabu ya pwani, kwa njia itakayomfikisha msikilizaji kwa watu wenyewe: waimbaji, wapigaji na watunzi ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, na ambao wengine hata hapo walisahauliwa.

Anza na mtu, usianze na bendi

Anayetaka kukusanya kila kitu cha zamani atajaza kabati na asijue alichonacho. Ni afadhali kuchagua mwanamuziki mmoja na kumfuata popote alipokwenda, kwa sababu wanamuziki wa dansi walikuwa watu wa kuhama, na kila uhamisho unakufungulia bendi nyingine bila wewe kuitafuta. Chukua mfano wa mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Alianza kusikika sana akiwa NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park Orchestra. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Kisha akarejea kwenye ile bendi ya wafanyakazi, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina, na huko ndiko alikoendelea hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 2014. Msikilizaji aliyemfuata Gurumo peke yake, bila haraka, atakuwa amepita katika karibu miaka hamsini ya muziki wa Dar es Salaam, na njiani atakuwa amekutana na Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, Abel Baltazar na Michael Enoch, ambao kila mmoja anaweza kuwa mwanzo wa safari nyingine.

Anayependa gitaa kuliko sauti anaweza kuanza na Mbaraka Mwinshehe. Faida ya kuanza naye ni kwamba maisha yake yana mipaka iliyo wazi: alizaliwa mwaka 1944, akapata jina akiwa Morogoro Jazz, akaondoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, na akafariki dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Kwa hiyo rekodi yenye sauti yake na jina la Morogoro Jazz ni ya kabla ya kuhama huko, na yenye jina la Super Volcano iko kati ya hapo na kifo chake. Tahadhari iwepo tu kwa mikusanyiko ya kumbukumbu iliyotolewa baada ya kufariki kwake, kwani mwaka wa kutolewa kwa santuri si mwaka wa kurekodiwa kwa wimbo.

Kwa upande wa Nairobi, hakuna somo zuri kama ukoo wa Wanyika, na hakuna mahali ambapo watu huchanganya mambo zaidi. Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George walitoka Tanga, wakapitia Arusha, na kuanzia mwaka 1971 wakawa Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao muhimu walijitoa na kuanzisha Les Wanyika: Omar Shabani wa gitaa la rizimu, Tom Malanga wa besi na wenzao, wakiungana na John Ngereza na Issa Juma. Baada ya muda Issa Juma naye akaondoka na kuunda Super Wanyika. Sasa majina hayo matatu yanaandikwa ovyo kwenye kanda zilizonakiliwa mitaani, na mtu anaweza kumpenda Omar Shabani miaka yote huku akimshukuru Wilson Kinyonga. Ukiweza kuzitenganisha bendi hizo kwa kusikia tu, bila kuangalia lebo, jihesabu kuwa umehitimu daraja la kwanza.

Jua kilichorekodiwa wapi, na kwa chombo gani

Kabla ya kuanza kutafuta, elewa kwamba si kila wimbo uliowahi kusikika ulipata kuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kufyatulia santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki redioni kwa ajili ya kupigwa hewani. Zilizofika kwenye santuri zilifyatuliwa zaidi Nairobi, ama kwa bendi kusafiri hadi huko, ama kwa kanda kupelekwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuhangaika miaka akitafuta santuri ya wimbo aliousikia kila Jumapili utotoni, kumbe wimbo huo haukutoka kamwe nje ya kanda ya redio. Ukitafuta bila mafanikio mahali pote panapostahili, uliza kwanza kama kitu hicho kilipata kuwepo.

Vyombo vyenyewe vilivyobeba muziki huo ni vinne. Santuri za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, ndizo kongwe, nzito na rahisi kuvunjika, zenye muda wa dakika tatu hivi kila upande. Siti binti Saad na wenzake wa Unguja walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za aina hii, na kazi hiyo ndiyo iliyoufanya Uswahilini wote, kuanzia Lamu hadi bara, kuisikia sauti yake bila kumwona. Baada yake zikaja santuri ndogo za kasi ya 45, ambazo ndizo chombo halisi cha dansi la miaka ya 1960 na 1970. Na kwa kuwa wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri, ulikatwa katikati na kuandikwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Santuri kubwa za LP zilikusanya nyimbo zilizokwisha kupendwa. Mwisho kabisa zikaja kaseti, zilizozifukuza santuri sokoni katika miaka ya 1980, na ambazo kwa upande wa taarabu ya Mombasa ndizo hazina kubwa zaidi, kwani maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service yalirekodi waimbaji na kuuza kaseti zao. Katika kaseti iliyorekodiwa harusini utamsikia mwimbaji, utasikia vigelegele, na pengine utamsikia hata mtu wa jirani na kinasa sauti akimwita mwenzake.

Kununua

Santuri nyingi nzuri hazipo dukani. Zipo juu ya kabati la mtu ambaye watoto wake hawajui ni za nini, na zinatoka siku ya kuhama nyumba au baada ya msiba. Waambie ndugu, majirani na mafundi redio kwamba unazitafuta, na waambie mara nyingi. Nairobi ina sehemu zinazojulikana, kama Kenyatta Market na duka la Melodica katika Barabara ya Tom Mboya. Mahali pengine utategemea wauza mitumba na mafundi.

Ukishikishwa santuri, ishike pembezoni na katikati tu, isogeze kwenye mwanga wa dirisha, kisha iinamishe polepole. Mikwaruzo myembamba inayoonekana kama unywele haina madhara makubwa. Mkwaruzo unaoweza kuuhisi kwa ukucha ndio utakaoifanya sindano iruke. Mifereji iliyopauka na kuwa ya kijivu badala ya kung'aa ni dalili kwamba santuri imechezwa sana kwa sindano butu, na hiyo hakuna dawa. Angalia pia tundu la katikati: likiwa na alama nyingi za kukwaruzwa pembeni, mwenyewe alikuwa akiitafuta nguzo ya mashine gizani, yaani ilichezwa kwenye sherehe. Iinue hadi usawa wa macho uone kama imepinda. Santuri ya 45 iliyopinda kidogo bado hucheza, lakini ya 78 iliyo na ufa iache, isipokuwa kama ni adimu kiasi cha kustahili kutunzwa bila kuchezwa.

Kuhusu bei sina ushauri mrefu. Usimpunje mzee asiyejua thamani ya alichonacho, na usikubali kupunjwa na mfanyabiashara anayejua.

Kuisoma lebo

Hapa ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Weka santuri mezani, chukua daftari, na unakili kila kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia. Jina la wimbo litakuwa juu au katikati. Chini yake, mara nyingi ndani ya mabano, kuna jina moja au mawili ya mtunzi. Kisha linafuata jina la bendi, na wakati mwingine neno linaloeleza mwendo wa muziki, kama rumba au chacha. Pembeni kuna namba ya toleo. Ukiinamisha santuri, kwenye ile sehemu laini isiyo na muziki kati ya mwisho wa wimbo na karatasi, utaona namba nyingine imechorwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri. Hiyo ni namba ya kiwandani, na pande mbili za santuri moja kwa kawaida huwa na namba zinazofuatana.

Mwaka haupo mara nyingi, na kutokuwepo kwake kusikuvunje moyo. Namba za toleo za kampuni moja zilikwenda mbele kwa mpangilio, kwa hiyo santuri kumi za lebo moja, ukizipanga kwa namba, zitakuonyesha ipi ilitangulia ipi. Na ukijua kwa hakika mwaka wa mbili kati yake, zilizo katikati utazikadiria bila shida. Jina la bendi nalo ni kalenda. Ile bendi ya wafanyakazi iliitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz chama kilipobadilishwa jina mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikawa OTTU Jazz katika miaka ya 1990, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Neno moja tu kwenye lebo limekuambia muongo.

Jina la bendi pia hukuambia nani alikuwa mwajiri. Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika: Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na herufi za DDC mbele ya Mlimani Park ni za Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya shirika, na mwanamuziki alikuwa mtumishi mwenye mshahara. Jambo hili linaeleza kwa nini walihama sana, maana aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu na kwenda kwa mwajiri mwingine mwenye magitaa. Na linaeleza pia kwa nini lebo hutaja shirika kwa herufi kubwa na kumwacha mpiga solo bila jina.

Jina lililo ndani ya mabano lisomwe kwa uangalifu. Aliyeandikwa ni yule aliyetambuliwa kuwa ameleta wimbo, lakini katika bendi wimbo ulipita mikononi mwa wengi: mmoja alikuja na maneno, mwingine akatafuta njia ya gitaa, wa tatu akapanga tarumbeta na saksafoni. Michael Enoch, aliyesifika kama mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park akiwa na saksafoni, aliongoza mpangilio wa nyimbo nyingi ambazo kwenye mabano utamkuta mtu mwingine. Kwa hiyo andika katika daftari lako "mtunzi kwa mujibu wa lebo", na uache nafasi chini yake kwa yale utakayoyasikia baadaye.

Kusikiliza kwa ajili ya kumjua mtu

Sikiliza wimbo mara ya kwanza kwa raha yako. Kisha urudie ukiwa umechagua chombo kimoja cha kukifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho, na usiruhusu sauti ya mwimbaji ikuvute. Bendi ya dansi ilikuwa na magitaa matatu au zaidi: solo, ambalo kila mtu hulisikia, rizimu, linalorudia kitu kile kile katikati na ambalo msikilizaji mvivu hulichukulia kama sehemu ya ngoma, na besi. Anza na rizimu. Baada ya kulifuata rizimu la Omar Shabani katika nyimbo tatu au nne za Les Wanyika, utaanza kuutambua mkono wake hata pale ambapo jina la bendi limekosewa, kwa sababu mpigaji wa rizimu ana namna yake ya kuchelewesha au kuwahisha mpigo, na namna hiyo haigeuki anapohama bendi.

Nyimbo nyingi za Dar es Salaam zina nyumba mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, yenye beti na kiitikio, ambamo kisa kinasimuliwa. Ya pili inachangamka: magitaa yanabadilisha njia, vyombo vya kupuliza vinaingia, na waimbaji wanaanza kuitikiana. Sikiliza sehemu hii ya pili kwa makini kuliko ya kwanza, kwani hapo ndipo wanamuziki walipokuwa wakiitana majina. Mwimbaji anamhimiza mpiga solo kwa jina lake la utani, anamtaja mpiga tumba, anamsifu mfadhili aliyekaa mbele. Kila jina linalotajwa liandike, pamoja na dakika na sekunde lilipotajwa. Ukipata jina la utani usiloliweza, liache kama lilivyo. Mzee mmoja atakuja kulifungua.

Kisha kuna jina la mtindo. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake, na jina la mtindo huo lilitajwa ndani ya nyimbo kama bendera: Msondo kwa NUTA Jazz na warithi wake, Sikinde kwa Mlimani Park, Ndekule kwa Orchestra Safari Sound, Saboso kwa Western Jazz, Kiweke kwa Atomic Jazz ya Tanga, Segere Matata kwa Tabora Jazz, Sokomoko kwa Safari Trippers ya Marijani Rajab. Ukiwa na kanda isiyo na maandishi yoyote na ukasikia mtu anasema Saboso, tayari umeiweka mahali pake. Faida yake ni kubwa zaidi pale mwimbaji mmoja anapokuwa amepita bendi kadhaa: sauti ya Gurumo peke yake haikuambii mwaka, lakini sauti ya Gurumo pamoja na neno Ndekule inakuambia kwamba ni kuanzia 1985.

Bendi iliyompoteza kiongozi inahitaji sikio la namna yake. Cuban Marimba ya Morogoro iliongozwa na Salum Abdallah hadi alipofariki kwa ajali mwaka 1965, kisha ikaendelea chini ya Juma Kilaza kwa miaka mingi. Jina ni lile lile, mji ni ule ule, lakini ni bendi mbili. Anayezinunua kwa kufuata jina pekee atadhani Salum Abdallah alibadilika uzeeni, hali yeye hakuupata uzee.

Kwa taarabu, njia ni nyingine. Huko maneno yana uzito kuliko chombo, na mtunzi wa shairi mara nyingi si mwimbaji. Sikiliza beti la mwisho, kwa sababu washairi wa pwani wana desturi ya zamani ya kujitaja au kuutaja mji wao wanapofunga kazi. Ukikosa jina hapo, itambue lahaja: maneno ya Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu yatakupeleka kwa watu kama Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na ya Kiunguja yatakupeleka kwenye vikundi vya Zanzibar, ambavyo vinaanzia na Ikhwani Safaa ya mwaka 1905.

Kwenda kwa wazee

Daftari likishajaa maswali, yapeleke kwa watu waliokuwepo. Si lazima wawe wanamuziki maarufu. Fundi mitambo wa redio, mlinzi wa ukumbi, mke wa mpiga besi, mcheza dansi aliyekuwa haikosi ile ngoma ya Jumapili mchana: hawa wana kumbukumbu ambazo hazijaulizwa na mtu, na kwa sababu hiyo hazijachakaa. Mwanamuziki maarufu amehojiwa mara nyingi, na anachokueleza ni kile alichokwisha kuzoea kukieleza.

Toa shikamoo, kaa, uliza habari za nyumbani, na usitoe kinasa sauti kabla ya kuomba ruhusa. Kisha usiulize swali kubwa. Ukimwambia mzee "nieleze historia ya bendi yenu", atakupa majina ya viongozi na tarehe ambazo hana hakika nazo. Mpigie wimbo. Uwe nao kwenye simu, wenye sauti ya kutosha, na umwache ausikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Ukifika mahali ulipoweka alama, uliza kwa ufupi: "Mzee, hapa solo ni nani?" Jibu litakuja haraka, na nyuma ya jibu hilo litafuata lile ambalo hukuliuliza: kwamba siku ile mpiga solo wa kawaida alikuwa mgonjwa na huyu aliazimwa, kwamba wimbo huu ulikuwa ukimjibu mtu wa bendi pinzani, kwamba beti moja ilibadilishwa kabla ya kurekodi kwa sababu maneno yalikuwa yakikaguliwa kwanza redioni.

Muulize mwingine swali lile lile bila kumtajia jibu la kwanza. Wakikubaliana, andika. Wakitofautiana, andika yote mawili na majina ya waliosema, wala usijifanye hakimu. Na kama mazungumzo yamechukua nusu siku ya mzee ambaye hajapata malipo yoyote ya maana kutokana na nyimbo zinazopigwa kila harusi, si vibaya ukaondoka ukiwa umeacha kitu mkononi mwake. Mimi naona ni wajibu, ingawa najua wapo watafiti wanaodai kwamba fedha huharibu ushahidi.

Kusafisha, kuhifadhi na kuhamishia kwenye kompyuta

Santuri za plastiki, yaani za 45 na LP, zisafishwe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kufuata mzunguko wa mifereji na si kukatisha, huku ukilinda karatasi ya katikati isilowe. Za 78 zisiguswe na spiriti hata kidogo, kwa sababu zilitengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka ndani ya spiriti. Zote zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, mbali na paa la bati lisilo na dari, na kamwe zisilazwe moja juu ya nyingine.

Sindano ya LP isitumike kwenye santuri ya 78, kwani mfereji wa 78 ni mpana na unahitaji sindano yenye ncha pana karibu mara nne. Ukiitumia ile nyembamba itatambaa chini kabisa mwa mfereji na kukuletea kelele za vumbi badala ya muziki. Gramafoni ya kupinda kwa mkono ni pambo zuri la sebuleni, lakini kichwa chake ni kizito na hula santuri kila inapochezwa, kwa hiyo usiichezee kitu usichoweza kukipata tena.

Kaseti ya zamani usiitie mashineni moja kwa moja. Chomeka kalamu ya biki yenye pembe sita katika jicho moja na uizungushe polepole kwa mkono: ikizunguka laini, endelea, ikikwama au kutoa mlio, utepe umenata na mashine itaukata. Kisha vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akairekodia kitu kingine kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti, kwa sababu utepe mzee huacha unga.

Kuhamishia kwenye kompyuta kunahitaji mashine nzuri ya santuri, kifaa kidogo cha kukuza na kusawazisha sauti ya sindano, na programu kama Audacity, ambayo haina malipo. Hifadhi faili kwa mfumo wa WAV au FLAC, si MP3, na uangalie sauti isifike kwenye alama nyekundu hata pale tarumbeta zinapoingia. Nakala ya kwanza iache na mikwaruzo yake yote. Ukitaka kuondoa kelele, fanya hivyo kwenye nakala ya pili, maana programu hizo hula pia upatu, na aliyesafisha kupita kiasi humsikia mpiga drams kama anayepiga boksi.

Kuwashirikisha wengine

Umri wa wimbo hauufanyi kuwa mali ya kila mtu. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi yenyewe ina ulinzi wake wa miaka 50. Kumsikilizisha rafiki nyumbani ni jambo moja. Kuupandisha wimbo kwenye mtandao wenye matangazo yanayokulipa ni jambo jingine, na kwa hilo wasiliana kwanza na COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za nchi hizo mbili, na ikiwezekana na familia ya mtunzi, ambayo kwa kawaida haiko mbali kama watu wanavyodhani.

Popote utakapouweka wimbo, usiupe faili jina la wimbo na bendi tu. Andika ndani ya maelezo ya faili jina la mwimbaji kiongozi, waitikiaji, mpiga solo, mpiga rizimu, mpiga besi, wa tumba na wa vyombo vya kupuliza, namba ya toleo, na jina la aliyekupa habari kama ameridhia kutajwa. Na pale ambapo hujampata mhusika, andika nafasi yake na uweke alama ya kuuliza, ili atakayeifungua faili hiyo baada yako ajue ni kiti cha nani ambacho bado hakijapata jina.